Njia ya Igombe, Saa Moja Asubuhi

Njia ya Igombe haina mwenyewe.
Upana wake ni ng'ombe mmoja na mchungaji wake,
kushoto matete na ziwa, kulia mawe,
na sisi wote tumo humo:
wa miguu, wa baiskeli, watoto wa shule na fagio zao,
mama wa dagaa na beseni lisilotikisika.

Mimi nyuma nina trei tano,
mayai mia na hamsini,
nimeyakaza kwa mpira wa tairi la ndani,
naendesha kama mtu aliyebeba mgonjwa.
Kengele naipiga kabla ya kona,
mara mbili, si mara kumi.
Kumi ni matusi.

Yeye hakupiga hata moja.
Nilisikia mnyororo, nikasikia upepo,
kisha kiwiko kikanigusa bega
na nyuma yangu kitu kikasema ta,
sauti ndogo, kama kidole kinapoalika.

Mzee Gindu, aliyekuwa mbele na fimbo yake,
akarukia matete kama kijana.
Akasimama humo, maji viatuni,
akaniuliza mimi: "Ni nani huyo?"
kana kwamba wapanda baiskeli wote ni ukoo mmoja
na mimi ndiye shangazi.

Nikamfuata.
Sikumwona tena, ila njia ilinionyesha:
matone, matone, vumbi limetobokatoboka
kama limenyeshewa na mvua ya mtu mmoja.
Nikawa natunga maneno huku nakanyaga pedali.
Nilikuwa na maneno!
Moja lilimhusu mama yake. Hilo niliachia mlimani,
pumzi haikutosha kubebea yote.

Pale Mawe Mawili kila mtu hushuka.
Hata diwani alishuka, siku ile ya kampeni.
Nikamkuta amekwama kwenye upenyo,
karia imebeba gunia la maranda,
na ndani ya maranda bonge la barafu
la wanunuzi wa sato, linalia.
Miaka kumi na tisa hivi. Ndevu tatu.

Nikafungua mdomo,
na kilichotoka, Mungu shahidi, si nilichokitunga:
"Mwangaluka."

Akaiegemeza baiskeli jiweni.
Akavua kofia, magoti yakajikunja yenyewe:
"Mwangaluka, mayu."

Basi ana kwao, nikasema moyoni.
Kuna mtu aliyafundisha magoti hayo.

"Salamu hiyo ungenipa kule nyuma,
kwa mdomo au kwa kengele, ningekupisha.
Njia hii hatuigombei, tunapishana.
Kuna mzee yuko ndani ya matete kwa ajili yako."

"Kengele iliibwa Kirumba," akasema.
"Na barafu haisubiri, mayu."

"Na yai haliungiki, baba."

Nikamwonyesha. Matatu.
Kiini kilikuwa kinashuka kwenye spoki, cha njano, bila haraka,
na chini ya gunia lake maji nayo yanashuka.
Tukavitazama vyote viwili
vikiingia katika mchanga mmoja.

Anaitwa Maduhu. Hela hakuwa nayo.
Sikumdai.
Nilitaka kumdai.

Akairudisha nyuma baiskeli yake, "Tangulia."
Nikatangulia, nasukuma,
nikapita polepole kuliko mawe yalivyohitaji.
Nakiri. Barafu nayo ijifunze kusubiri.

Alhamisi iliyofuata, karibu na kona ya matete,
nikasikia nyuma yangu sauti nene:
"Kriiing! Kriiing! Mayu, napita kulia!"
Kengele hana, kapiga kwa mdomo,
mara mbili.

Nikasogea. Beseni la dagaa likasogea.
Mzee Gindu naye akasogea,
ingawa mguu mmoja, kwa tahadhari,
aliutanguliza majini.