Ukoko

Asubuhi sina wazo. Nina mfuko wa saruji
alioutupa fundi Shekuwe pale Langoni.
Nimeupasua, nimeulowesha, nimeubandika ubaoni
kwa gundi ya unga wa ngano,
na sasa tunatazamana.

Haunambii kitu.
Namwaga chai ya jana. Inakimbilia kushoto.
Basi, kushoto.

Nakwangua chokaa ukutani kwangu mwenyewe,
pale inapobambuka kila masika
(Lamu nzima inabambuka, mwenye nyumba asijue),
naichuja kwa kifumbu cha tui,
naipaka kwa kiganja.
Brashi ninayo, ya Nairobi, haijatoka kwenye nailoni yake.
Brashi huuliza: unataka nini?
Kiganja hakiulizi.
Mkono haukosi kinywa gizani.

Adhuhuri, kutu. Misumari ya mlango uliong'olewa
naipanga, naipangua:
saba ni mingi, mitano imenuna,
sita inakaa kama watu waliokwisha kugombana wakapatana.
Kwa nini sita? Usiniulize.

Halafu punda wa Bwana Famau analia chini ya dirisha,
nashtuka, wino unaruka,
doa jeusi katikati ya kazi ya siku mbili.
Nalitukana. Naugeuza ubao juu chini.
Nalifuta nusu,
na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoanza kusema.

Inasema kofia.
Kofia ya mama, aliyoiacha na vitobo vyake,
uzi umefika nusu ya duara ukakoma,
imo kwenye kopo la biskuti tangu mwaka wa msiba.
Sikupanga. Wallahi sikupanga.
Mkasi ulifika kabla yangu.

Nimekata.
Nimekaa sakafuni adhana nzima, ya alasiri,
kisha nikakibandika kitambaa juu ya doa
na vitobo vikaanza kupumua weusi.

Bi Zenaa wa jirani kaja kuomba chumvi.
Katazama sana, kichwa upande.
"Mato yangu yaona ukoko," kasema.
"Ukoko wa sufuria ya arusi."
Akasogea, akagusa kitobo kimoja kimoja
kama anayehesabu deni.
"Na huu ni mkono wa mamako."

Sikumjibu. Nilikuwa nikiangalia pembe ya chini, kulia,
bado tupu,
inataka kitu, si rangi,
sijui,
labda ile chumvi.