Paka wa Meinswichi

Juni Mafinga, maji ya ndoo yana meno.
Sisi wa karakana tunajipasha kwa kazi:
randa inanguruma, paini inavuliwa koti,
unga wa mbao unatua kila mahali,
kwenye kope, kwenye chai,
kwenye daftari la wadeni.

Na juu ya sanduku la meinswichi
Meneja, paka wetu,
amejikunja kama ngata.
Msimu wa pili huu, hahami.
Wateja hucheka: "Bi Lulandala, bosi ni huyu."
Nami nilicheka nao.

Kastori Chaula alikuja na begi la turubai,
tesita, bisibisi tatu,
kitabu cha ukaguzi kilicholiwa kona.
Nikamuwahi kabla hajalitua begi:
taa zinawaka, mashine zinazunguka,
hiyo elfu hamsini nikupe ya nini?
Mwaka juzi nilimwambia mwakani.
Mwaka jana, mwakani.
Neno jepesi hilo, halitozwi riba.

Hakunijibu. Hakugusa mashine.
Alimtazama paka kitambo,
akauliza polepole, kama daktari
anayeulizia usingizi wa mtoto:
"Huyu alianza lini kulala hapa?"

Nikasema, anafuata joto.

"Joto la nini?"

Akazima umeme wote.
Nikasikia bati likialika kwa baridi,
sauti ambayo randa ilinificha miaka yote.
Akamshusha Meneja kwa mikono miwili,
akafungua kifuniko.

Plastiki imeshika rangi ya ukoko wa ugali.
Waya mmoja umevimba shingo.
Skrubu imelegea,
imelegezwa na mtetemo wa randa yangu mwenyewe,
kidogo leo, kidogo kesho,
na chini yake, laini, umetandazwa vizuri,
unga wa mbao.

Moto ulikuwa umeshatandikiwa kitanda.
Ulikosa usiku mmoja tu.

Nikakaa juu ya gogo.
Oda zikibana, vijana hulala stoo:
Kizito, Lwitiko, na yule mdogo, Faraja,
ambaye mama yake aliniambia mlangoni,
nakuachia wewe.

Kastori alikata, akabadili, akapuliza vumbi, akakaza:
mzunguko mmoja na nusu wa bisibisi, basi.
Kwenye kipande cha plasta akaandika tarehe,
na chini yake nyingine, ya mwakani.
Safari hii neno lina siku na mwezi.
Nilimlipa noti zikiwa na joto la mfukoni
wala sikuomba punguzo.

Meneja alininunia wiki nzima.
Alipanda sandukuni, akaweka kidevu,
akakiondoa, akanitazama kama mtu aliyekatiwa mshahara,
kisha akahamia jikoni, kwenye majivu.

Siku hizi, kabla sijafungua lango kubwa,
naweka mgongo wa kiganja
pale alipokuwa analala.

Baridi.

Mji mzima unailalamikia.
Mimi naishukuru,
hapo tu,
upana wa paka mmoja.