Daftari la Usingizi

Tanga husemwa: waja leo, waondoka leo.
Ugonjwa wa dada yangu haukuusikia msemo huo.

Ulianzia kwenye cherehani.
Usiku wa manane, Barabara ya Nane, Ngamiani,
kanyagio likaenda, likaenda,
Mwanamkuu akakata, akashona
magauni ishirini na mawili
ya wateja wasiokuwepo.
Hali, halali, haketi.
Maneno yanakanyagana mlangoni mwa kinywa:
"Mbaruku, amka! Nitaivisha Tanga nzima,
hata nguzo za umeme nitazishonea sketi!"
Tukacheka. Jamani, tulicheka.
Nani angeiita maradhi furaha ile?
Mpaka alipokopa kwa muuza vitambaa,
akanunua baiskeli tisa
akazigawa Mgandini kama pipi.

Kisha, Jumanne moja, kimya.
Si kimya cha aliyelala.
Kimya cha redio iliyokatika
katikati ya taarifa ya msiba,
hujui ni nani aliyekufa.
Wiki sita uso ukutani.
Nywele zikafungamana,
chai ikaota ngozi kikombeni.
"Mwili wangu," alisema,
"mfuko wa saruji ulionyeshewa."

Majirani walisema uvivu.
Mjomba Sechonge akasema jini:
kombe, ubani, mbuzi mweusi.
Mbuzi akaliwa. Dada hakuinuka.
Na mimi nilisema, "Jikaze."
Neno hilo bado lanikaa kooni
kama mwiba wa changu.

Siku aliponipa cherehani yake, "Chukua tu,"
kwa sauti ya mtu anayemaliza madeni,
ndipo nilipoogopa.
Sikungoja kesho.

Hospitali ya Bombo. Benchi. Namba thelathini na moja.
Muuguzi Shemhilu hakuuliza nani kamroga.
Aliuliza: analala saa ngapi?
Akamuuliza mwenyewe, waziwazi, kama anatamani kufa.
Dada akaitika kwa kichwa,
akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.
"Na kwenye ukoo?"
Mama akatazama viatu vyake.
Kisha akamtaja bibi Mwanakombo,
aliyecheka mwezi mzima, akalia masika yote,
ambaye sisi tuliambiwa alikufa kwa homa.

"Mbegu hurithiwa," alisema muuguzi,
"nayo hungoja mvua yake:
kufiwa, kukesha, kujifungua, deni."
Dada alikuwa amezika mtoto mwezi wa Rajabu.
"Ni ugonjwa wa hisia.
Hupanda bila kituo, hushuka bila ngazi.
Si laana. Una dawa."

Dawa haikuja kama radi.
Ilikuja kama mpangaji mgumu wa kulipa,
kidogo kidogo, na visingizio vingi.
Vidonge asubuhi na jioni, damu ipimwe,
maji anywe, chumvi asiikate ghafla,
kila Alhamisi akae na Shemhilu waongee.
Na mimi nikapewa daftari hili:
andika amelala saa ngapi.

Vidonge vikamletea kiu.
Vikaitetemesha mikono yake.
Fundi mzima, hawezi kutunga uzi!
Mwezi wa nne akavimwaga chooni.
"Nimepona," alisema, anang'aa.
Daftari: saa nne. Saa mbili. Sifuri.
Nikasikia kanyagio.
Safari hii sikucheka. Nilitafuta viatu.

Dozi ikarekebishwa. Mikono ikatulia,
si yote, lakini yatosha kushika mkasi.
Yapo bado mapajazi ya huzuni,
siku ambazo kuoga ni mlima wa Usambara.
Siku hizo simwambii ajikaze.
Naweka maji, nakaa mlangoni.

Leo ameshona gauni moja.
Moja tu, na lina mwenyewe,
binti wa Mama Chausiku, arusi ni Ijumaa.
"Mbaruku, njoo uone tundu la sindano."
Nalamba uzi, nafinya jicho,
nakosa, nakosa tena.
"Macho ya popo," ananicheka,
kicheko kifupi, kinachojua kukoma.

Daftari, usiku wa jana:
saa saba na nusu.
Amekoroma.