Mswaki Mfukoni

Simu iliita saa tatu na robo, Jumatatu,
sijavua hata koti.
"Nina swali," akasema, "ila usiniulize jina."
Sikumuuliza. Namba ya jalada aliitaja mwenyewe,
kwa ghibu, kama mama atajaye umri wa mwanawe.

Jalada lenyewe jembamba.
Konstebo Clifford Thwaite, kituo cha Keighley,
miaka ishirini na sita kazini,
na katika kila pauni mia ya mshahara
kumi na moja zikimegwa kabla hajazishika,
kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya viatu vya mtoto.
"Hizo si zangu," alikuwa akiwaambia wenzake,
"za Averil hizo."
Akaanguka kwenye ngazi za mahakama, asubuhi ya theluji.
Moyo, si risasi.
Na moyo haulipwi kama risasi.

Kiinua mgongo kikaishia kwenye jeneza na paa;
mgongo ukabaki ulivyo.
Mtoto akapata fungu lake hadi alipomaliza shule,
kisha fungu likarudi lilikotoka.
Mjane hupata nusu.
Nusu ni ya maisha yake yote,
isipokuwa
(na hapo ndipo ninapolia mshahara mimi,
kwenye hiyo isipokuwa)
isipokuwa aolewe tena,
au aishi na mtu kana kwamba ameolewa.

"Akilala kwangu mara ngapi kwa juma
ndipo tunahesabiwa?"
Sheria haitaji idadi, nikamwambia.
"Mara mbili?"
Haitaji.
"Akiacha mswaki?"
Nikasikia birika likichemka upande wake wa waya,
na mtu akilizima ambaye si yeye.

Desmond, fundi bomba mstaafu, nyumba namba kumi na tisa,
ng'ambo ya barabara.
Saa nne za usiku huvaa koti, mswaki mfukoni,
huvuka, hupanda ghorofani kwake,
huwasha taa ili jirani wote waione.
Averil huzima na kuwasha ya jikoni, mara mbili.
Wana miaka sitini na minane wale,
na wanaagana kama watoto waliotoroka shule.

"Na tukioana, kisha naye akafa, nitarudishiwa?"
Huenda. Si lazima. Ni hiari ya wakubwa.
Akacheka, kicheko kikavu.
"Basi nimwombe Mungu mume asiyedumu."

Sikumwambia kwamba walioandikishwa baadaye
wana mpango mwingine,
wajane wao huolewa na hula vilevile.
Nadhani alijua.
Clifford aliwahi kazini;
kuwahi kwake ndiko kulikomponza mkewe.

Nasreen, wa meza ya pili, alikuwa amesikia yote.
Alisema mama yake alikaa eda Bradford,
miezi minne na siku kumi,
ikaisha, akaoga, akatoka kununua samaki.
"Hii yenu," akaniuliza, "siku ya kumi yake lini?"
Nikajifanya natafuta kalamu.

Fomu hutoka Aprili.
Ukurasa mmoja, maswali manne, sahihi.
Yake ilirudi baada ya siku tatu, stempu imebandikwa upande.
Kwenye kisanduku: hakuna mabadiliko.
Pembeni, kwa penseli, maandishi madogo:
Bado anavuka. Goti la kulia limeanza kumsumbua,
na Januari barabara ile huganda barafu.

Hatuna kisanduku cha goti.
Nikachukua kifutio,
nikafuta polepole, karatasi isichanike,
nikapuliza vumbi la penseli,
nikapiga mhuri.