Mwisho Tani Tano

Redio inasema Waziri wa Fedha amevaa viatu vipya,
ndiyo desturi ya jimbo siku ya kusoma bajeti.
Vyangu nimeviziba kwa gundi ya matairi,
na saa tisa na nusu alasiri nimesimamisha basi
mbele ya daraja la Petit-Castor,
penye kibao cha njano: MWISHO TANI TANO.

Basi tupu ni tani tano kasoro kidogo.
Kasoro hiyo ni mimi.
Watoto hawamo katika hesabu.

"Teremkeni," nasema, na wanateremka:
mapacha wa Desjarlais, Odile na kikohozi chake,
Théo anayeburuta mkoba kama mbwa asiyetaka kwenda,
kumi na tisa, glovu kwa glovu,
wanavuka kwa miguu katika baridi inayouma meno,
nami nawafuata na basi lao, taratibu,
kama gari la maiti lililomsahau marehemu.
Ng'ambo wanapanda. Nawahesabu.
Miaka mitatu, mara mbili kwa siku.
Hesabu haijawahi kupungua,
na bado kila mara ulimi unanikauka kwenye kumi na nane.

Redioni mabilioni yanapita kama malori ya magogo,
hayasimami, yanatuachia upepo.
Barabara, kiasi kadha. Shule, kiasi kadha,
pamoja na mapaa ya dharura
(letu lina ndoo nne; ya buluu hujaa kwanza).
"Tumesawazisha mizani," anasema, wakampigia meza.
Mizani! Njoo nikuoneshe mizani.
Daraja letu limetajwa, naapa,
jina limekwaruzwa lakini ni letu:
awamu ya tatu, kwa kutegemea tathmini.
Nilipoolewa ilikuwa awamu ya pili.

Kisha sauti yake ikachangamka:
dola elfu kumi kwa fundi atakayehamia kaskazini,
muuguzi elfu kumi na tano, nauli juu yao.
Réal wangu alikuwa fundi wa kuchomelea.
Aliondoka kwenda magharibi kinu kilipofungwa,
wala hakuna aliyempa hata chai ya njiani.
Sasa kinu kimefunguliwa na fundi anatafutwa kwa tochi.
Sisi tuliobaki hatuna fungu.
Kubaki si kazi, nadhani, katika vitabu vyao.

Hasira hiyo niliila wiki nzima kama kiporo.

Jumatatu, kituo cha kinu, nikakuta mtu na wanawe wawili,
makoti mapya bado yana lebo.
Rodelio Magbanua, fundi wa kuchomelea.
Bintiye Liezel akaniarifu, kabla ya salamu,
kwamba kwao friji ndiyo pekee yenye baridi.
Nilitaka kununa. Nilikuwa nimejiandaa kununa.
Lakini Bi Arsenault, mwalimu mkuu, amebandika barua ofisini:
wanafunzi wasipofika ishirini, shule itafungwa Juni.

Darajani nikasema, "Teremkeni."
Rodelio, aliyewasindikiza siku ya kwanza,
akavua glovu, akagonga chuma kwa ufunguo,
akategea sikio kama daktari kifuani pa mgonjwa.
"Wiki mbili," akasema. "Watu watatu. Kibali anatoa nani?"
Nikacheka mpaka machozi yakaganda kwenye kope.
"Awamu ya tatu," nikamwambia.
Hakuelewa. Akagonga tena, palepale.

Liezel akauliza kwa nini wanatembea na basi lipo.
"Kwa sababu mna uzito," nikajibu,
na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu
nikatamani lingefika kule kwenye viatu vipya.

Ng'ambo wakapanda, wakikung'uta theluji.
Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mmoja.
Injini ikinguruma, nilikuwa nimechelewa dakika sita,
nikageuka kitini, nikaanza upya, mmoja,
wawili,
si kwa hofu mara hii.