Goti la Kushoto

Kwanza nagonga.
Shaba ya kuigiza, ile wanayotundika mikahawani
juu ya kaunta ya samaki,
hulia kama sahani tupu, inajisema yenyewe.
Hii imeguna.
Nikamwambia Mundhir, lete taa, zima kiyoyozi tusikie,
na Bi Zuwena akavuta kiti bila kukaribishwa,
mkoba mapajani, macho kwenye mizani yangu
kana kwamba napima dhahabu.

Matrah, Agosti. Ukuta unatoka jasho.
Mnunuzi wa Sharja ameshapiga simu mara mbili.

Nahesabu: boliti kumi na mbili, nati zenye mbawa,
moja ni ya juzi, ya duka la mabomba huko Ruwi.
Kioo cha mbele kinafunguka kwa kuzungushwa,
hakikugandishwa kwa gundi. Vizuri.
Ndani bati limebaki jeupe kwenye mikunjo,
ila upande wa kulia, usawa wa sikio,
kitufe cha kutolea hewa
kimesuguliwa hadi kinang'aa:
hapo mtu alikuwa akiegemeza kichwa,
akiisukuma pumzi yake nje asije akapaa kama puto.
Waigizaji hawajui kusugua hapo.
Wao huchubua nje, panapoonekana.

Halafu namba.
Shingo ya kofia: mia tatu na kumi na saba.
Bamba la mabega: mia mbili na sita.
"Maana yake?"
Maana yake, Bi Zuwena, kichwa cha mmoja,
mabega ya mwingine. Kampuni ilipomaliza kazi bandarini
watu waliokota vilivyobaki, wakavifunganisha.
Bei inashuka nusu.
Akasema, "Baba alikuwa mmoja tu,"
Mundhir akacheka, nikamkanyaga mguu.

Viatu: nyayo za risasi, kila kimoja kilo nane,
ncha za shaba. Sina neno.
Suti: turubai mbili, mpira katikati,
na mpira umekufa, unapukutika kama maganda ya karanga.
Nikaugeuza mguu wa kushoto ndani nje
kutafuta muhuri wa kiwanda,
nikakuta, gotini, kiraka.

Nilianza kukieleza kama ninavyoeleza kila kitu:
si cha kuzuia maji, pamba haizuii maji,
kimewekwa ili goti lisichubuke kwenye mwamba.
Na hakikushonwa. Kimebandikwa kwa gundi ya mpira,
kingo zimekunjwa moja moja.
Aliyekibandika alijua:
tundu moja la sindano, na bahari inaingia.
Wekundu umefifia kuwa rangi ya chai.
Kuna herufi. Nikasogeza taa, nikasoma:
GOJA SI KWA

"Ujinga," akasema Bi Zuwena.
Nikadhani ananitukana.
"NAKUNGOJA SI KWA UJINGA.
Ninayo pacha yake nyumbani, Al-Khudh, nzima.
Hii mama alisema imeliwa na panya.
Panya wa Matrah walilaaniwa kwetu mpaka nikaolewa."

Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, lakini maji yake
yaliendelea kudondoka kwenye ndoo.
Daftari langu lina safu nne:
kiwanda, mwaka, namba, kasoro.
Kalamu ikakaa juu ya karatasi, haikushuka.

Aliikunja suti mwenyewe, mguu wa kushoto juu.
Unga mweusi ukabaki kwenye buibui lake, hakuupangusa.
Kofia akaniachia. "Hiyo muuzie wa Sharja.
Na umwambie ukweli, namba hazilingani."
Mlangoni akageuka, akauliza jambo moja:
gundi ile, hukauka kwa muda gani?

Usiku mzima, nikamjibu,
na sharti mtu akae ameibana kwa mkono.