Fungu Namba 4417

Nilipanda na kalamu nyekundu mfukoni,
siku mbili kwa lori, nusu siku kwa farasi
aliyenidharau tangu hatua ya kwanza.
Wizara ya Fedha, Bishkek, ndiyo iliyonituma:
nenda ukaone kama kipo,
na kama kipo, ni cha nini.
Kituo cha Taifa cha Barafu, fungu namba 4417.
Watumishi wawili. Jenereta moja.
Paa la bati, linavuja.

Nilimkuta Anarkan akichochea moto wa samadi kavu.
Hakuniuliza jina.
Dizeli umeleta? akasema.
Sikuleta. Nilileta fomu.

Kulipokucha tukapanda barafuni,
yeye mbele, mimi nikitambaa kama mdaiwa.
Vigingi kumi na tisa amevipandikiza humo,
safu kama mazao ya shamba lisilootesha kitu,
na kila kimoja hukipima
kwa futi ya mbao ambayo tarakimu zake zimesuguliwa,
kwa hiyo husoma kwa kidole.
Hiki, akasema, mwaka juzi kilinifika gotini.
Kwa sasa kilikuwa kimemfika kifuani.
Sikuelewa mara moja: kigingi hakikuwa kimeota.
Ni ardhi yake iliyokuwa ikiondoka.

Ularbek, kijana wake, aliandika kwa penseli,
maana huko wino huganda.

Nikauliza swali nililolipiwa posho kuliuliza:
faida yake?
Anarkan alitazama chini, bondeni,
penye uzi mmoja wa maji unaometa kati ya mawe,
kisha akaendelea na kigingi cha kumi na mbili.
Uzi ule naujua. Nimezaliwa mwishoni mwake,
kwenye matuta ya vitunguu ya mama yangu,
ambako watu hupigana majembe
kwa zamu ya mfereji.
Sikumwambia.

Usiku akaniletea madaftari,
maana ndiyo kazi yangu, madaftari.
Mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja: mwandiko wa marehemu.
Wa sabini: marehemu mwingine, herufi zimelala upande.
Kila juma, kila kigingi, hakuna siku iliyorukwa,
mpaka nikafungua tisini na nne
nikakuta weupe.
Nikageuza. Weupe. Miaka minne, weupe,
hata mistari ya jedwali imechorwa
na mtu aliyekuwa bado anangoja.

Na hapa?
Hapa hamkutuma kitu, akasema.
Mishahara ya miezi kumi na minne. Mafuta.
Mwenzangu akaenda Osh kuuza soksi.
Mimi nikarudi kukamua.

Mwaka ule nilikuwa shule ya msingi,
lakini ile *ham-* ilinipata mahali pake.
Nikasema, kama tusemavyo ofisini,
kwamba pengo linaweza kujazwa kwa makadirio.
Ndipo alipocheka, mara moja tu,
akanisogezea taa, akanipa penseli.
Jaza, akasema.

Nilikaa na ile penseli.
Miaka kumi na minane nimewasomea wahasibu wachanga:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Nilidhani inahusu fedha.

Kamati ilikaa Jumanne, kwenye zulia jipya.
Niliomba dizeli, bati, na mshahara wa mtu wa tatu,
kwa sababu Anarkan ana miaka sitini na sita
na goti moja.
Nikasema: barafu ya mwakani tunaweza kuipima mwakani.
Ya mwaka huu haiuzwi tena popote.
Walikohoa. Walinipa dizeli.
Bati, wakasema, mapato yakipanda.
Bwana Jumgalbek akataka kujua
kama yule farasi alilipiwa,
na risiti iko wapi.

Risiti sina.
Ninayo penseli, mfuko uleule
ilimokaa kalamu nyekundu.
Nilisahau kuirudisha.
Tangu siku ile, kila theluji inapoanguka mjini,
najiuliza anaandikia nini.